Mnong'ono wa Dada Honi

Kwenye karakana ile ya masanduku ya bati hakukuwa na mtu mwenye masikio mazima. Ukigonga bati kwa nyundo kutwa nzima, miaka karibu thelathini, chini ya paa ambalo nalo ni la bati, masikio yanastaafu kabla yako. Mwenye karakana, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ndiye aliyeathirika kuliko wengi, na kwa kuwa hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, alizungumza kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akikusalimia wewe, wa nyumba ya tatu anaitikia. Watu walimwita Honi, kwanza kwa kumsengenya, halafu mbele yake, mwishowe kwa heshima kabisa: Dada Honi. Mwenyewe alilipenda. Alisema jina la kuzaliwa alipewa bure, hili amelitolea jasho.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, ambaye wateja walimwita Fundi. Wazazi wao walifariki Honi akiwa na miaka kumi na minne na Fundi sita. Honi akaacha shule kabla hajajua kuandika zaidi ya tarakimu, akaingia karakana ya baba, akashika nyundo, na Fundi akasomeshwa kwa nyundo hiyo. Baadaye Fundi naye akaja kwenye bati. Alikuwa mpole, mwenye maneno ya kuhesabu, na kwa dada yake hakuwa na neno kabisa. Dada akisema kaa, anakaa. Akisema inuka, haulizi kuna nini. Alioa, akapanga chumba mtaa wa pili, akaota ndevu, na bado kwa Honi alikuwa yule wa miaka sita.

Kazi yenyewe walifanya wawili. Honi alishika bati juu ya kipande cha reli, vidole vyake sentimita chache kutoka ukingoni, na Fundi aliinua nyundo ya kilo tatu. Honi akisema “Gonga!” nyundo inashuka. Akisema “Basi!” inasimama hewani, hata kama ilishaanza kushuka. Vidole vyote kumi vya Honi vilikuwepo, jambo ambalo katika kazi ile si dogo, na alikuwa na tabia ya kuwaonyesha wateja wapya kama cheti.

Jumanne moja asubuhi Fundi alikwenda uani kuchukua ubao, akakanyaga msumari. Ubao ulikuwa umelala matopeni tangu mvua zilizopita, na msumari ulipenya kandambili ukaingia kisiginoni mpaka mwisho. Akauchomoa mwenyewe. Akarudi akichechemea, akakaa juu ya sanduku lisilo na mfuniko, akasema, “Dada, ngoja nikimbie zahanati nikachomwe sindano. Nusu saa tu.”

Siku hiyo walikuwa na masanduku arobaini ya shule ya bweni, na shule inafungua Jumatatu. Yaliyokuwa tayari ni kumi na moja.

“Sindano ya msumari?” Honi alicheka. “Mimi nimekanyaga misumari mingapi? Baba je? Ukienda zahanati utakaa foleni mpaka saa nane, urudi na panado mbili. Leta mguu hapa.”

Akamtibu dawa ya karakana. Kila mtu pale alitibiwa hivyo, tangu enzi za baba yao: grisi ya mashine ikachanganywa na masizi ya jiko la kulehemu, ikashindiliwa kwenye tundu mpaka damu ikate, kisha kisigino kikazungushiwa utepe wa mpira wa baiskeli, ukakazwa barabara. Fundi alimtazama dada yake akifunga. Halafu akainuka, akaenda kuchukua nyundo.

Masanduku arobaini yalikwisha Jumapili jioni. Honi alijisifu kwa sauti iliyofika sokoni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Fundi aliamka taya limekaza. Mkewe alimletea mkate, hakuweza kuufungulia mdomo. Mke huyu alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache na macho makali, na yeye na Honi walikuwa wanaheshimiana kwa uangalifu, kila mmoja akijua mpaka wake. Akatuma mtu amwite Honi, wakakutana zahanati.

Tabibu alimmulika Fundi mdomoni kupitia nafasi ndogo ya meno, akambonyeza mashavu. Akauliza kama ana kidonda popote. Wakamwambia kuhusu msumari.

“Alichomwa sindano?”

“Alichomwa,” wifi mtu alijibu bila kusita. “Siku ileile.”

Honi alikuwa amesimama mlangoni. Jibu lile alilisikia, maana wifi alilisema akiwa ameelekea kwake. Akamtazama mdogo wake. Fundi alikuwa ameyakazia macho matangazo ya ukutani kama anayajifunzia mtihani. Honi akaelewa kwamba Fundi alimdanganya mkewe, na kwamba hapa kulitakiwa neno moja tu kutoka kwake: hapana. Neno fupi kuliko yote aliyoyajua. Lakini nyuma ya hapana ingekuja kwa nini, na nyuma ya kwa nini angekuja yeye na masanduku yake arobaini, mbele ya wifi, mbele ya tabibu, mbele ya foleni nzima. Mdomo ule ambao haujawahi kupungukiwa, siku hiyo ukakauka. Alinyamaza, na tuseme ukweli, alinyamaza kwa woga.

“Basi itakuwa jino la nyuma,” tabibu alisema. Akaandika dawa za maumivu na za kusukutua.

Ijumaa asubuhi Honi alikwenda kumjulia hali. Alipochungulia mlangoni alimkuta amelala chali, meno nje, pembe za midomo zimevutwa juu. Mwanzo alidhani anacheka. “Mdogo wangu!” akapaza sauti kwa furaha, na hapo hapo mgongo wa Fundi ukajikunja kwa nyuma, tumbo likainuka juu, akabaki ameshikilia kitanda kwa kisogo na visigino tu. Miguu ilikuwa migumu kama miti. Ilichukua muda kulegea. Honi alipopiga ukelele, ikaanza upya.

Saa sita mchana walikuwa hospitali kubwa.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa raba ili hatua zake zisitoe sauti. Hakuhitaji kupima sana. “Pepopunda,” alisema, na wifi alipolalamika kwamba alichomwa sindano, daktari alijibu kwa upole kwamba ama hakuchomwa, ama sindano haikushika, na kwa sasa haibadilishi kitu. Honi alinyamaza kwa mara ya pili. Mara hii ilikuwa rahisi kidogo kuliko ile ya kwanza, na hilo ndilo lililomtia hofu baadaye.

Kidonda kilipasuliwa, kikasafishwa. Ulipofunguliwa mpira, daktari aliuliza nani aliufunga.

“Mimi.”

“Kijidudu chenyewe kinaishi kwenye udongo, na kinapenda mahali pasipo hewa. Mlikifungia mlango kikakaa kwa raha zake.”

Alisema hivyo tu, hakugombeza. Kisha akawatoa koridoni, Honi na wifi, akawaambia hali ilivyo. Kwa Honi ilibidi asogee karibu na sikio. Aliuliza wanafanya kazi gani, na Honi alipomweleza, mmoja anashika bati, mwingine anagonga, gonga na basi, daktari akaitikia kwa kichwa polepole.

“Na mwili uko hivyohivyo,” alisema. “Kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, neva zinapeleka taarifa kwenye misuli. Watu wanadhani kazi ya neva ni kuamsha tu: vuta, kaza, piga. Kumbe nusu ya kazi ni kutuliza. Kunja mkono wako.” Honi akakunja. “Msuli wa mbele umeambiwa vuta. Wa nyuma, dakika hiyohiyo, umeambiwa legea. Usingelegea, mkono usingekunjika, misuli ingevutana mpaka ikuumize. Hata sasa umesimama kimya hapa, kuna maelfu ya taarifa za tulia, tulia, tulia zinapita mgongoni mwako, na wewe hujui.”

“Na yeye?”

“Sumu ya kidudu imepanda kwenye neva ya mguu mpaka kwenye uti wa mgongo. Huko haiui chochote. Inaziba tu wale wanaosema tulia. Wanaosema kaza hawakuguswa, wapo wote, wanapiga kelele bila wa kuwazuia. Kwa hiyo kila kinachomgusa, mwanga, mkono, sauti ya mlango, kinakuwa amri ya kukaza mwili mzima.” Akamtazama Honi usoni. “Ungesema basi na yeye asisikie, ingekuwaje?”

“Ningekuwa sina vidole.”

“Ndiyo hali yake.”

Wifi aliuliza kuhusu dawa. Daktari akasema wamempa ya kuua kijidudu, na ya kukamata sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu, lakini ile iliyokwisha kuingia kwenye neva haitoki kwa dawa yoyote. Mwili wenyewe unajenga njia mpya, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Wanampa pia ya kulegeza misuli, ambayo inawatia nguvu wachache waliobaki wa kutuliza. Mashine ya kupumulia hospitali inayo moja, na ina mgonjwa. Hatari kubwa ni koo. Likikaza na likikawia kulegea, hewa haipiti.

“Tukimvusha wiki mbili, tatu, atatembea kwenda nyumbani kwa miguu yake,” alisema. “Dawa yake kubwa sasa ni kimya. Na mjue kitu kimoja. Kichwani yuko salama. Anasikia yote, anaelewa yote, maumivu yote anayajua.”

Walimweka chumba cha mwisho wa korido, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Dirisha lilifunikwa kitambaa cheusi. Muuguzi wa zamu ya mchana, mwanamume wa makamo aliyetembea kwa soksi, alikuwa ameishusha saa ya ukutani kwa sababu ya mlio wake na kutia mafuta ya kupikia kwenye bawaba za mlango. Ndugu waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, wakae kitini, wasiguse, wasiseme.

Siku ya kwanza Honi aliingia, akakaa, akamwona mdogo wake kwenye kiza kile na meno yake ya kucheka, na ikamtoka, kwa upole wote aliokuwa nao, “Pole, mdogo wangu.”

Fundi alijikunja. Ilichukua dakika nzima. Muuguzi alikuja, akamshika Honi mkono, akamtoa nje mpaka mwisho wa korido.

“Mama, unapiga kelele.”

“Mimi nilinong'ona!”

“Hapana, mama.” Alikuwa mtu wa huruma, akatafuta namna ya kulisema. “Labda wewe umesikia mnong'ono. Usiseme kabisa. Hata pole usiseme.”

Basi Honi akajifunza kunyamaza. Kila asubuhi aliwaachia wenzake karakana, akaenda kukaa kwenye kiti kile, mikono imebanwa katikati ya magoti. Alivua bangili. Alipumua kwa mdomo kwa sababu pua yake ilikuwa na mluzi. Mchana akitoka anampisha wifi, na wifi akitoka anampisha yeye, wanapishana mlangoni bila hata kuamkiana. Mikazo ilikuja mara kumi kwa siku, kisha nane. Kati ya mkazo na mkazo Fundi alimtazama. Hakuwa na kingine cha kufanya. Shingo haigeuki, mdomo haufunguki, lakini macho yalimfuata dada yake kutoka mlangoni mpaka kitini, na Honi hakuweza kuyasoma. Mara aliona yanamhurumia. Mara aliona yanamuuliza kwa nini. Ilikuwa inamla, jamani. Mtu aliyelea mtoto toka akiwa na miaka sita, akampeleka mwenyewe kwenye kitanda kile kwa mkono wake na kwa ulimi wake, halafu anatakiwa akae naye kimya kama abiria wa stendi.

Kuandika hakujua. Fundi angesoma, yeye ndiye aliyesomeshwa, lakini kumwomba mtu amwandikie kungekuwa kumwambia mtu huyo, na Honi hakutaka mtu mwingine alijue kosa lake kabla Fundi mwenyewe hajaambiwa.

Siku ya sita daktari alimkuta koridoni, akamwambia mikazo imepungua lakini bado hawajavuka, wiki hii ndiyo yenyewe. Honi alisikia neno moja tu: bado. Alirudi nyumbani akiwaza kwamba Fundi anaweza kufa akiwa hajaombwa msamaha, na wazo hilo halikumwachia nafasi ya wazo jingine. Akaamua atamwambia. Atamwambia kwa mnong'ono, lakini safari hii mnong'ono wa kweli, uliojaribiwa.

Asubuhi ya siku ya saba, kabla ya kwenda hospitali, alipitia karakana. Mkata bati alikuwa ameshafika, mzee wa watu aliyekuwa na mkasi ule tangu enzi za baba, na ambaye ukitaka kumwita lazima umtupie kipande cha bati. Honi akamweka kwenye kigoda, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akanong'ona sentensi nzima.

“Umesikia nini?”

“Nini?” mzee alisema.

“Nauliza, umesikia nini nilichosema?”

“Ulisema? Sikusikia hata neno. Niliona midomo tu.”

Honi akarudia akiwa hatua moja. Mzee akatikisa kichwa. Wakamwita na mlehemu, naye akasimama hapo na sikio ameliinamisha, naye hakusikia kitu. Honi alifurahi kama aliyeshinda mashindano. Aliujaribu mara ya tatu ili koo lake likariri kipimo, na akatoka akitembea haraka ili asikisahau njiani.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wifi alikuwa amemaliza zamu yake, ameketi kwenye benchi la koridoni, kichwa ameegemeza ukutani, macho amefumba. Muuguzi alikuwa ameingia kwenye chumba cha dawa kuandaa sindano ya saa nne na nusu. Honi aliingia, akaufunga mlango taratibu, bawaba zikanyamaza. Kiza, harufu ya spiriti na jasho. Fundi alikuwa macho. Macho yakamfuata mpaka kitini.

Honi hakukaa. Aliinama kitandani bila kugusa, akavuta pumzi, akatafuta kile kipimo cha asubuhi. Neno la kwanza hakulisikia kabisa masikioni mwake, akaona limepotea, kwa hiyo akaongeza kidogo. Akaongeza kidogo tena, mpaka akaanza kujisikia kwa mbali, na hapo akaridhika.

“Mdogo wangu, ni mimi. Uliniomba nusu saa ukachomwe sindano, nikakukatalia. Nikakucheka. Nikakurudisha kwenye nyundo kwa ajili ya masanduku. Na kule zahanati nilimsikia mkeo akisema umechomwa, na mimi nilijua, nikanyamaza. Tabibu angejua siku ile. Nisamehe. Ni mimi.”

Aliona macho ya Fundi yakipanuka. Aliona kitu ndani yake, na maisha yake yote yaliyobaki atakuwa anajiuliza kilikuwa nini, maana hakikudumu. Taya lilianza. Kisha shingo, mishipa ikisimama mmoja mmoja. Kisha mgongo ukapaa, mikono ikajibana kifuani, kitanda kikalia, na mlio wa kitanda ukaongeza mkazo juu ya mkazo. Honi alisimama na viganja hewani. Asiguse, asiseme. Alisubiri ulegee, kwa kuwa kila mara hulegea. Kifua cha Fundi hakikuwa kinapanda wala kushuka. Midomo ilianza kubadilika rangi. Alitaka kuita na alijua kuita ndiko kutakakommaliza, na katika kusitasita huko sekunde zikaenda. Mwishowe akaita, kwa honi yote aliyopewa.

Muuguzi alikuwa tayari mlangoni, soksi zake zikiteleza sakafuni. Alikuwa ameanza kukimbia kabla hata ya kuitwa.

Walifanya yote. Daktari alikuja, wakamchoma dawa ya kulegeza kwenye mshipa, wakajaribu kupitisha mpira kooni na koo likawakatalia, wakatoboa chini ya koo, wakabana mfuko wa hewa kwa mkono. Honi alikuwa amesukumwa ukutani, amejibanza, anaona kila kitu. Mkazo ulilegea hatimaye. Fundi akalala sawasawa juu ya godoro, miguu imenyooka, vidole vimefunguka, na hata ule mcheko ukamtoka usoni. Honi aliona jinsi mwili ulivyotulia na kwa kitambo kifupi moyo wake uliruka kwa furaha, akidhani amepona. Daktari alikuwa ameshika shingo ya Fundi kwa vidole viwili. Akavitoa.

Muuguzi ndiye aliyemtoa nje. Alimkalisha kwenye kiti karibu na mlango, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida, ili asikie:

“Mama, kilitokea nini? Ni lazima niandike.”

“Nilinong'ona tu,” Honi alisema. “Nilipima. Nilipima kabisa, asubuhi, karakana. Hawakusikia hata neno.”

Muuguzi alikuwa mtu wa huruma, tumeshasema, lakini alikuwa amechoka, na mtu ambaye yeye alikuwa akimpitishia maji kwa matone siku saba alikuwa amelala ndani amefunikwa shuka.

“Mimi nilikuwa chumba cha dawa,” alisema. “Milango miwili kati yetu, yote imefungwa. Nilisikia kila neno, mama.”

Honi hakuelewa mara moja. Kisha akageuza kichwa polepole kuelekea kwenye benchi.

Wifi alikuwa amesimama. Mkoba wake ulikuwa umeanguka, nyuzi na mkasi vimetapakaa sakafuni, na hakuwa anaviokota. Hakuwa analia bado. Alikuja mpaka mbele ya kiti, akasimama karibu sana.

“Siku ile aliporudi nilimuuliza,” alisema. “Nikamwambia, huo msumari ni wa kutu, umekwenda kuchomwa? Akaniambia ndiyo. Nikamwambia, dada yako anavyopenda kazi, alikuruhusu? Akacheka. Akaniambia, alinipeleka yeye mwenyewe. Aliacha kila kitu, akanishika mkono mpaka zahanati, akanigombeza njia nzima kwamba sijihadhari.” Akavuta pumzi. “Nikalala usingizi wangu. Siku tisa nalala usingizi, dada, kwa sababu alisema ulimpeleka wewe.”

Honi alifungua mdomo. Kwa mazoea ya siku saba, sauti ikamtoka chini kabisa, na akaanza kutafuta tena kipimo chake.

“Usinong'one,” wifi alisema. “Sema kwa sauti yako. Aliyekuwa anaumia na kelele hayupo tena.”

Kwenye korido wagonjwa wengine walikuwa wameanza kuchungulia milangoni. Ndani ya chumba daktari aliondoa kitambaa cheusi dirishani, mwanga ukaingia. Honi akainuka, akajishika ukuta, akamwangalia wifi yake machoni. Akaanza upya, kuanzia asubuhi ya msumari, kwa sauti yake yote, bila kuruka kitu, na muuguzi aliyekuwa ameketi sakafuni pembeni yake akiandika hakumnyamazisha.